Msumari wa Katikati

Hati ya kumkamata Jagoda Gordelić ilikuwa mkobani mwa Inspekta Vida Gordelić tangu jana jioni, na Vida alikuwa ameshaifungua mara nyingi kuliko inavyomfaa mpelelezi. Hakuwa akitafuta kosa la karani. Alikuwa akilionja tu lile jina lilivyokaa juu ya sahihi ya hakimu. Miaka yote Jagoda alikuwa mahali ambapo Vida alitamani kuwa. Kwenye karatasi hii, safari hii, hakuna ambaye angetamani.

"Unacheka nini peke yako?" mama yake aliuliza bila kugeuka kutoka jikoni.

"Sicheki, mama."

"Basi kama huna la kucheka, nishikie sinia hili."

Ilikuwa asubuhi ya Mtakatifu Nikola, slava, sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa ukoo mzima wa Gordelić, na Mama Leposava alikuwa ameamka na kinyongo chake cha kila mwaka. Maharage ya tanuri yalikuwa tayari, yanang'aa mafuta. Mkate wa slava ulikuwa umeumuka bila yai wala tone la maziwa. Samaki wa mtoni walilala kwenye unga wakisubiri kikaango, na mama aliwatazama kama watu waliomtia hasara.

"Wenzetu wana watakatifu wenye huruma," alisema. "Giorgi anakuja mwezi wa tano, mtu anachinja mwanakondoo wake kwa raha zake. Sisi tukapewa Nikola, katikati ya mfungo wa Krismasi. Tangu niolewe kwenye ukoo huu sijamwekea mgeni wa slava hata kipande cha nyama."

"Mlalamikie padri."

"Nilishamlalamikia. Na baba yake, aliyekuwa padri kabla yake." Akapangusa mikono. "Jagoda ataimba leo?"

"Nasikia ataimba."

"Mtoto ana sauti yule. We acha tu."

Vida akaacha. Alikuwa akiacha tangu walipokuwa wasichana, mwalimu wa kwaya alipoambiwa achague mmoja wa kwenda kuimba Belgrade. Walikuwa wawili, watoto wa ndugu wawili, na mpaka siku ile hakuna aliyekuwa na uhakika nani anamzidi mwenzake. Gauni la Jagoda la kwendea lilishonwa na mama huyuhuyu, kwa cherehani hiihii iliyo chini ya dirisha. Jagoda akarudi na jina. Vida akaenda chuo cha polisi. Wivu wake haukuwa siri kwake. Alikuwa akiujua kama anavyolijua goti lake bovu.

Angeweza kumkamata Jagoda alfajiri, kimyakimya, nyumbani kwa wazazi wake. Sajini wake alimshauri hivyo. Vida alikataa. Alitaka iwe ukumbini, ukoo mzima ukiwa umekaa, chini ya ule ukuta wa picha za mashuhuri.

*

Sajini Milivoje alikuwa akimngoja mlangoni mwa ukumbi wa kijiji, anapulizia vidole. Yeye hakuwa Gordelić, na kijiji kizima cha Krševac kilikuwa kinamfanya ajione mkosaji kwa hilo.

"Afande, kuna bibi amenipa glasi ya rakija kali, kisha akaniuliza mimi wa ukoo gani. Nilipomwambia akaichukua glasi yake."

"Pole. Umeyarudia yale maelezo?"

"Nimeyarudia. Na bado kuna kitu kinanikera."

Waliingia. Ukutani, kuanzia jiko la chuma mpaka mlango wa choo, walining'inia Wagordelić mashuhuri: jenerali mwenye masharubu, daktari wa kwanza wa wilaya, mwanamke bingwa wa sataranji, mhandisi wa madaraja, mwanamieleka mwenye medali ya shaba, na wengine ambao sifa zao ziliandikwa chini kwa herufi ndogo kwa sababu hakuna aliyezikumbuka. Vida hakuwemo. Kukamata wezi wa magari hakujawahi kumpatia mtu msumari pale.

Na misumari haikuwa sawa. Wa katikati, chini ya sanamu ya Mtakatifu Nikola, ndio uliokuwa na maana. Kwa miaka mingi ulimbeba Jagoda, amevaa gauni jekundu na kushika maikrofoni. Msimu wa mavuno wa mwaka huu kamati ya ukoo iliamua umbebe Andrija Gordelić, mkandarasi aliyetoka Linz, ng'ambo, na kujenga upya paa la ukumbi. Jagoda akahamishiwa kando ya mlango wa choo.

Jana asubuhi Stana, mtunza ukumbi, alikuja kuwasha jiko akamkuta Profesa Vukašin Gordelić, mwenyekiti wa kamati, amelala chali, kisogo kimepasuka kwenye pembe ya jiko. Sasa alikuwa hospitali mjini, anapumua lakini hajitambui, na madaktari hawakutaka kuahidi lolote. Karibu na msumari wa katikati palikuwa na ngazi. Chini ya ngazi, picha ya Jagoda, kioo kimevunjika na kina damu. Chini ya picha, glavu nyekundu ambayo kijiji kizima kiliijua ni ya nani.

"Sema kinachokukera," Vida alisema.

"Jagoda alikuja usiku wa kuamkia jana kumng'oa Andrija na kujirudisha katikati. Sawa. Profesa akamkuta, wakavutana, akamsukuma. Sawa. Lakini tulipofika Andrija alikuwa juu, amenyooka kabisa, na Jagoda yuko sakafuni. Mwizi gani anavunja duka halafu anapanga bidhaa?"

"Hakuwahi kufika juu. Profesa alimdaka njiani."

"Ngazi ilikuwa imeshafika, afande."

"Milivoje, wewe ni mgeni hapa. Hujui mwanamke huyu anaweza kufanya nini kwa ajili ya msumari."

Sajini akanyamaza. Stana, aliyekuwa akitandika vitambaa vya meza, hakunyamaza. Stana hakujaliwa kipaji hicho.

"Mimi nilishasema na narudia. Siku ile ya mkasa, mchana, Profesa alinijia hapa anacheka. Akaniambia, 'Stana, siku ya Nikola kuna picha itashuka ukutani, na nitaishusha mwenyewe mbele ya watu. Nimemaliza kumjua jana, tulipokuwa mezani.' Nikamuuliza nani. Akasema, 'Utaona. Uhondo haupakuliwi kabla ya wageni.'"

"Na jana yake mezani ni nani aliyerusha sahani?" Vida alimuuliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Jagoda. Kila mtu anajua. Ilimpita Profesa sikioni."

Vida akamtazama Sajini. Sajini akatazama viatu vyake.

Mwanamieleka Tihomir aliingia akiwa amebeba mabenchi mawili, moja kila kwapa, kama vile umri ulikuwa habari ya watu wengine. Naye alikuwepo kwenye kile chakula cha jioni cha kamati, nyumba ya wageni.

"Ami Tiho, niambie tena ilivyokuwa kabla ya sahani."

"Kabla ya sahani nilikuwa nakula, mwanangu."

"Wengine walikuwa wanazungumza nini?"

"Andrija alikuwa anatusimulia habari za bibi yake. Yule akianza bibi yake hamalizi. Bibi hivi, bibi vile, slava ya bibi huko Linz. Nikajiinamia na supu yangu. Vukašin ndiye aliyekuwa anamchokonoa kwa maswali. Mlikuwa mnakula nini, nani alikuwa anapika, babu alikuwa anafanya nini. Anamuuliza huku anatabasamu, unamjua Vukašin. Halafu Jagoda akauliza kwa nini picha yake inanuka choo, Vukašin akamjibu kwamba choo nacho kinahitaji mashuhuri, na sahani ikaruka." Akaweka mabenchi chini. "Na mimi nataka kuuliza, kwa kuwa polisi mpo. Picha yangu iko juu ya jiko. Nimekuwa mweusi kwa moshi. Medali haionekani. Hilo hakuna anayelichunguza?"

"Nitaliandika, ami."

Jagoda mwenyewe alifika saa moja baadaye kujaribu vyombo. Aliingia na manukato kwanza, yeye akafuata. Stana akakimbia kumpokea koti, na Vida akaona jinsi ukumbi mzima ulivyogeuza shingo, hata yeye mwenyewe, na akachukia.

"Vida, mdogo wangu. Umekonda. Wanakulisha huko polisi?"

Walizaliwa mwaka mmoja, Vida akiwa wa kwanza.

"Kaa, Jagoda. Glavu."

"Jamani, glavu tena? Nilishakwambia jana. Nilikuja jioni, ndiyo. Nikaleta ngazi, ndiyo. Nikamtoa yule mjenzi wa paa nikajiweka mimi. Na Vukašin alikuwepo, ndiye aliyenishikia ngazi."

"Alikushikia ngazi mtu uliyemrushia sahani jana yake?"

"Alinishikia huku anacheka mpaka ngazi inatikisika. Akasema, 'Panda, weka tu. Huo msumari keshokutwa utakuwa wazi hata hivyo.' Nikamwambia afadhali umepata akili. Nikatoka. Glavu nilivua ili nifunge kamba ya picha, nikaisahau. Picha yangu niliiacha juu, Vida. Juu. Nani kaishusha sijui."

"Hakuna aliyekuona ukitoka."

"Maisha yangu yote watu wananiona. Siku moja hawakuniona, ndiyo hiyo unayoitaka wewe." Jagoda akainamisha kichwa, akamtazama vizuri. "Bado una donge na mimi kwa sababu ya kwaya."

"Nina swali kuhusu glavu."

"Haya. Mama yako hajambo? Mwambie nitampitia. Yule ndiye mama yangu wa pili."

Vida akaandika kitu kisicho na maana ili asiinue macho. Mkobani hati ilikuwa palepale. Ile habari ya ngazi kushikwa aliisikia vizuri kabisa, na akaiweka kando kwa sababu ilisemwa na Jagoda.

Wa mwisho alikuwa Andrija Gordelić. Hakuhitaji kuitwa, alikuwa akizunguka ukumbini tangu asubuhi, anagusa kuta, anahesabu viti, anamsahihisha Stana namna ya kukunja vitambaa. Alivaa suti nzuri, na kidole gumba cha mkono wa kulia kilifungwa bandeji nyeupe.

"Umeumia?"

"Mkebe wa rangi. Fundi ni fundi, Inspekta, hata akiwa tajiri." Lafudhi yake ilikuwa ya Linz, laini pembeni. "Masikini Profesa. Alikuwa kama baba kwangu. Yeye ndiye aliyenipa nafasi hii." Akaitazama picha yake mwenyewe katikati ya ukuta, na Vida akaona uso wake ukilegea kama wa mtu aliyefika nyumbani. "Unajua nilikuwa na umri gani niliposikia habari za ukuta huu? Na leo nipo. Wewe yako iko wapi?"

"Yangu nini?"

"Picha."

"Mimi sina."

"Pole sana," Andrija alisema, na ubaya wake ni kwamba alimaanisha. "Leo nimewaandalia kitu mezani. Kama kwa bibi yangu. Mtaona."

Alipoondoka, Vida alimgeukia Sajini kwa sauti kavu. "Utasimama mlangoni na vijana wawili. Padri akishakata mkate, watu wakishaanza kula, mimi nitavua skafu hii. Ukiona nimevua, ingia na pingu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, afande." Alisita. "Usipovua?"

"Nitavua."

*

Ukumbi ulijaa mpaka madirisha yakatoa jasho. Mshumaa mrefu uliwashwa, padri akaimba, wanaume wa kamati wakaushika mkate pamoja na padri wakauzungusha, wakaunyunyizia divai, wakaumega. Andrija aliushika mahali pa Profesa, macho yamemlowa. Watu waliketi. Maharage yalipita, samaki wakapita, kabichi iliyofungwa wali na kokwa za jozi ikapita, na kila mama alionja ya mwenzake kwa uso wa hakimu.

Vida alikaa karibu na ukuta, skafu shingoni. Mbele yake, jukwaani, Jagoda alikuwa akirekebisha maikrofoni. Sajini alikuwa mlangoni. Vida alipeleka mkono kwenye fundo.

Hapo mlango wa jikoni ukafunguka, na vijana wawili wa nyumba ya wageni wakaingia wamebeba sinia. Juu yake alilala nguruwe mzima wa kuchomwa, ngozi ya dhahabu, tufaha mdomoni. Walimweka katikati ya meza kuu, mbele ya padri, pembeni ya mshumaa.

Uma zikabaki hewani.

Andrija alisimama na glasi. "Ndugu zangu. Bibi yangu kila Nikola alikuwa anaweka nguruwe kama huyu. Babu anamgeuza motoni, sisi watoto tunagombania masikio. Nilitaka leo tule kama alivyotulisha. Karibuni."

Hakuna aliyekaribia. Mahali fulani nyuma mzee mmoja alikohoa kicheko. Mama Leposava, ambaye mdomo wake haukuwahi kupata mlinzi, alisema na kila mtu akasikia: "Bibi gani huyo? Huyo mama mkwe wake angemrudisha kwao na sinia lake kichwani."

Andrija alitabasamu. Hakuelewa. Alikata kipande, akakitia mdomoni, akawatazama wote kwa upendo, akingoja.

Vida alimtazama akitafuna, na mkono wake ukasimama kwenye fundo la skafu.

Wapo Wagordelić wa nje wanaokula nyama hata Ijumaa Kuu, aliwaza. Hata yeye alikuwa nao jamaa wa namna hiyo. Lakini hao wanakula wakijua, wanafunga mapazia kwanza. Hakuna anayeibeba aibu yake kwenye sinia akamwekea padri. Huyu hakujua kwamba kuna aibu. Mtu aliyekulia chini ya Mtakatifu Nikola anaweza kusahau sala, anaweza kusahau lugha, ila hawezi kusahau kwamba siku ile ya pekee yenye wageni na muziki alikula samaki na maharage na kununa. Huyu hajawahi kuwa mtoto kwenye slava hii. Bibi hakuwepo.

Nimemaliza kumjua jana, tulipokuwa mezani. Profesa aliuliza mlikuwa mnakula nini, akajibiwa. Huo msumari keshokutwa utakuwa wazi hata hivyo. Akaishika ngazi. Na kidole gumba, na kioo chenye damu ambacho kilikuwa huku, chini ya msumari, wakati kisogo cha Profesa kilipasukia kule kwenye jiko. Vyote alivisikia na kuviona leo asubuhi, kimoja baada ya kingine. Alivipita vyote kwa sababu hakuna hata kimoja kilichosema Jagoda.

Na sasa Jagoda, aliyezoea kuokoa shughuli zilizoharibika, alianza kuimba bila ala. Ukumbi ukalegea. Nyuso zikageukia jukwaani, watu wakapumua, na yule nguruwe akasahauliwa. Hata aibu ya mtu mwingine, Vida aliwaza, anaigeuza jukwaa lake. Mama Leposava alikuwa amefumba macho kwa raha.

Alichotakiwa kufanya ni kuvua skafu. Hakuna mwingine aliyeona alichokiona. Hati ilikuwa na sahihi, glavu ilikuwa na mwenyewe, kesi ingekwenda mwaka mzima, na hata kama Jagoda angeshinda, angerudi mzee na sauti imekauka. Ukumbi ulikuwa na joto. Jasho lilimshuka shingoni chini ya sufi, na kule mlangoni Sajini Milivoje hakuondoa macho kwenye mkono wa Vida.

Si wema uliomzuia. Alijichunguza baadaye akaukosa. Ilikuwa hivi tu: Jagoda alikuwa na sauti, na gauni, na mama yake. Yeye Vida alikuwa na kitu kimoja, kujua nani kafanya nini. Akikitupa hicho ili ampate Jagoda, basi Jagoda atakuwa amechukua na hicho.

Aliikaza skafu. Akasimama, akatembea mpaka meza kuu, akaketi kwenye kiti kilichokuwa cha Profesa, karibu na Andrija.

"Bwana Andrija. Nifungulie hiyo bandeji."

"Samahani?"

"Mkebe wa rangi hukata kama msumeno. Kioo hukata kama wembe. Nataka kuona tu."

Andrija aliuweka mkono mapajani. "Sasa hivi? Watu wanakula."

"Hawali. Angalia mwenyewe. Tangu sinia lako liingie hakuna aliyegusa kitu. Unajua kwa nini?"

Alitazama meza. Alitazama sahani za samaki, maharage, mkate mkavu. Akatazama nguruwe, na kipande kilichomegwa upande mmoja tu, upande wake. Vida aliona hesabu ikimwingia polepole.

"Nikola huangukia kwenye mfungo," alimwambia kwa sauti ya chini. "Kila mwaka. Hakuna Gordelić aliyekula nyama mezani pa slava tangu tuwe na jina. Profesa alikuuliza bibi yako alipika nini, ukamwambia. Hakukwambia amejuaje, sivyo? Alikwambia tu wewe si wetu."

Wimbo uliendelea. Andrija akaanza kuifungua bandeji mwenyewe, mzunguko kwa mzunguko, kama mtu anayefungua zawadi asiyoitaka. Mkato ulikuwa mwembamba na mrefu.

"Slava zote nilizoalikwa Linz zilikuwa na nguruwe," alisema.

"Za watakatifu wengine."

"Sikujua wanatofautiana. Nililelewa nyumba ya watoto. Hakukuwa na bibi. Kulikuwa na mzee Gordelić, fundi aliyenifundisha kazi. Hakuwa na mtoto. Jioni alikuwa ananisimulia kijiji hiki, ukuta huu, nani kakaa wapi. Chakula hakuwahi kukitaja. Alipokufa niliomba mahakamani nichukue jina lake. Nikaongeza bibi."

"Na Profesa?"

"Nilikuja jioni ile kuiangalia picha. Nilikuwa nakuja kila jioni. Nikakuta yule mwimbaji yuko juu, mimi nimeegemezwa ukutani sakafuni. Profesa akacheka. Akasema, usiirudishe, siku ya slava nitawaambia wewe si wa ukoo wetu. Nikaing'oa ile ya mwimbaji, kioo kikavunjika, kikanikata. Akanishika mkono, tukavutana mpaka karibu na jiko. Nikamsukuma."

"Alikuwa anapumua?"

"Sikutazama."

"Ulitazama nini?"

Andrija aliinua macho mpaka kwenye msumari wa katikati. "Kama imenyooka," alisema.

Jagoda alimaliza wimbo. Makofi yakalipuka, na ndani ya makofi hayo Andrija alimsogelea Vida sikioni. "Ninyi jina mmepewa bure," alisema. "Mmepewa bure, na kazi yenu ni kuangalia nani kawekwa karibu na choo."

Vida alimpungia Sajini kwa mkono, skafu ikiwa shingoni, na Sajini akaja taratibu, akamkuta inspekta wake amekaa na mtu asiyemtarajia. Pingu alizifunga chini ya kitambaa cha meza, mbali na macho ya watu.

*

Habari zilienea kabla gari la polisi halijatoka uwanjani. Hospitali walipiga simu alasiri kwamba Profesa amefumbua macho na ameomba maji. Ukumbini Tihomir alikuwa ameshaishusha picha ya Andrija, na wanakamati wanne walisimama chini ya msumari mtupu wakizungumza habari za hali ya hewa, kila mmoja akiutazama. Jagoda alimwomba Stana ngazi.

Kisha akamfuata Vida nje, koti mabegani, akikanyaga theluji kwa viatu vya jukwaani.

"Nilijua utanitetea," alisema. "Ulivyonibana asubuhi na maswali, nikasema huyu Vida ananisafisha. Angekuwa mtu mwingine sasa hivi ningekuwa ndani."

"Ilikuwa kazi tu."

"Usijishushe." Alitoa kwenye pochi picha yake moja, yenye gauni jekundu, akaandika kitu nyuma akiiegemeza begani kwa Vida, akampa, akambusu mashavu yote na kurudi ndani mbio. Vida aligeuza picha. *Kwa mdogo wangu Vida, shabiki wangu wa kwanza.*

Mkobani aliichomeka kando ya hati. Hati ilipaswa kurudi kwa hakimu kesho. Njiani aliisoma mara moja tena, bila kucheka.

Nyumbani mama alikuwa ameshafika, miguu kwenye beseni la maji moto, na kwa kuwa mama hakujua mipaka ya mikoba ya watu alikuwa ameiona picha kabla Vida hajavua buti. Alisoma maandishi, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Kaandika kwa mkono wake," alisema. Akajipangusa miguu, akaenda sebuleni.

Sebuleni kulikuwa na msumari mmoja. Ulikuwa unabeba picha ya Vida siku aliyohitimu chuo cha polisi, kofia imemkaa upande. Mama aliitoa, akaipangusa vumbi kwa aproni yake, kwa upole kabisa, akamnyooshea mwenyewe.

"Nishikie kidogo," alisema. "Yako tutaitafutia mahali."

Vida akaipokea, akasimama nayo mkononi, huku mama akiitundika ile ya Jagoda na kurudi nyuma hatua moja kuangalia kama imenyooka.